Papa kasamehewa, dagaa wamelipuliwa

Jumatatu ya tarehe 1 Desemba 2025, Juan Orlando Hernández alitoka gereza la Hazelton, West Virginia, akiwa mtu huru. Rais huyu wa zamani wa Honduras alikuwa amefungwa miaka 45 kwa kosa la kushirikiana na walanguzi kupitisha kokeini kwenda Marekani, na tangu siku aliyokamatwa hadi siku hiyo haikuwa imetimia hata miaka minne. Siku hiyohiyo, msemaji wa Ikulu ya Marekani alisimama mbele ya waandishi wa habari akathibitisha kwamba tarehe 2 Septemba jeshi lilipiga mashua iliyodaiwa kubeba dawa za kulevya katika bahari ya Karibi zaidi ya mara moja, na kwamba pigo la pili liliagizwa na Admeri Frank Bradley. Baada ya pigo la kwanza, watu wawili walikuwa wangali hai, wameshikilia mabaki ya mashua. Pigo la pili likawamaliza. Wote waliokufa siku ile ni 11.

Pwani yetu tuna maneno ya watu wa namna hizi mbili. Papa ni yule asiyegusa unga kwa mkono wake, mwenye nyumba ya ghorofa na simu za wakubwa, ambaye polisi wakipita humpigia saluti. Dagaa ndiye anayebeba, anayeendesha chombo, anayemeza vidonge, anayekamatwa uwanja wa ndege. Tangu vita hivi vya dawa za kulevya vianze, huku kwetu na kwingineko, malalamiko ya wananchi ni yaleyale: dagaa wanajaa magereza, papa wanaogelea. Lakini sikumbuki wakati ambapo lalamiko hilo liligeuka sera ya wazi ya dola kubwa kiasi hiki, papa akifunguliwa mlango kwa saini na dagaa akirushiwa kombora, chini ya kiongozi mmoja na ndani ya miezi mitatu.

Wanaomtetea Rais Donald Trump husema haya ni mambo mawili tofauti. Kusamehe ni mamlaka ya kikatiba, na kulinda taifa ni mamlaka mengine ya kikatiba, kwa hiyo usiyachanganye. Mimi naona ni jambo moja. Yote mawili yanamwondoa hakimu njiani. Kwa Hernández, hakimu alishamaliza kazi, kazi ikafutwa. Kwa wale wa kwenye mashua, hakimu hakupewa hata nafasi ya kuanza. Na hasara kubwa haiishii kwenye haki ya mtu mmoja mmoja. Kinachokatwa ni ule mnyororo ambao kwao papa hukamatwa.

Nieleze mnyororo huo, maana bila kuuelewa mtu anaweza kudhani kulipua mashua ni ukali na kupeleka watu mahakamani ni ulegevu.

Hernández hakuangushwa na makombora. Aliangushwa na watu wabaya walioamua kusema. Devis Leonel Rivera, kiongozi wa genge la Los Cachiros, alianza kushirikiana na DEA, shirika la Marekani la kupambana na dawa za kulevya, mwaka 2013, akawa anarekodi mazungumzo kwa siri. Huyu ni mtu aliyekiri kuhusika na vifo vya watu 78. Alexander Ardón, aliyekuwa meya wa mji wa El Paraíso, alikiri vifo 56. Mwaka 2018 polisi wa Honduras walimkamata mlanguzi mwingine akiwa na madaftari ya hesabu, na ndani yake yakakutwa majina na vifupisho vilivyoelekeza kwa Tony Hernández, mdogo wake rais na mbunge. Tony alitiwa hatiani New York Oktoba 2019. Siku chache baadaye, yule mwenye madaftari aliuawa ndani ya gereza lenye ulinzi mkali nchini Honduras. Machi 2021 Tony alihukumiwa kifungo cha maisha.

Kaka mtu alikuwa bado Ikulu Tegucigalpa, akipokea sifa kutoka Washington kwa ushirikiano wake dhidi ya walanguzi. Aliondoka madarakani Januari 2022. Hata wiki tatu hazikupita, polisi wakamtoa nyumbani kwake kwa pingu, na Aprili mwaka huo akapandishwa ndege kupelekwa New York. Waendesha mashtaka walisema yeye na wenzake waliwezesha zaidi ya tani 400 za kokeini kupita Honduras kuelekea Marekani, na kwamba alipokea fedha za walanguzi kwa ajili ya kampeni, ikiwemo dola milioni moja zilizotoka kwa Joaquín Guzmán, yule El Chapo, kigogo wa genge la Sinaloa la Meksiko. Shahidi mmoja alieleza kumsikia akijigamba kwamba watawajaza wagringo, yaani Wamarekani, unga puani bila wao kujua. Machi 2024 wananchi 12 waliosikiliza kesi hiyo walimkuta na hatia. Juni mwaka huo Jaji Kevin Castel akampa miaka 45 na faini ya dola milioni nane.

Upande wa utetezi una hoja, na ni haki kuitaja. Mashahidi wakuu walikuwa wauaji waliotaka kupunguziwa adhabu. Mtu aliyeua watu 78 anaweza kusema lolote ili aione jua tena. Trump naye alidai kwamba Hernández alionewa, kwamba kesi ilikuwa njama ya serikali ya Joe Biden. Lakini uchunguzi haukuanza na Biden. Tony alikamatwa Miami Novemba 2018 na akatiwa hatiani Oktoba 2019, Trump mwenyewe akiwa rais katika muhula wake wa kwanza. Na hoja ya mashahidi waovu ilitolewa mahakamani, wananchi wale 12 wakaisikia, wakaipima na kuamua. Kama walikosea, kuna mahakama ya rufaa. Msamaha haukusahihisha kosa lolote la sheria lililotajwa kwa jina lake. Umefuta tu.

Wakati wake nao unasema kitu. Trump alitangaza nia ya kumsamehe Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Honduras ilipiga kura Jumapili, tarehe 30. Alikuwa akimpigia debe Nasry Asfura, mgombea wa chama cha National, ambacho ndicho chama cha Hernández. Asfura alikuja kutangazwa mshindi siku moja kabla ya Krismasi. Sisemi msamaha ndio uliomshindisha. Nasema kwamba mfungwa wa kokeini aligeuka karata ya uchaguzi wa nchi nyingine. Mama wa Ohio aliyemzika mwanawe kwa ajili ya unga hakuulizwa. Wala mama wa San Pedro Sula, mji wa Honduras ambao kwa miaka kadhaa ulihesabiwa miongoni mwa miji yenye mauaji mengi kuliko yote duniani, naye hakuulizwa.

Na hakuwa wa kwanza. Tarehe 21 Januari 2025, siku moja tu baada ya kuapishwa, Trump alimsamehe Ross Ulbricht, mwanzilishi wa Silk Road, soko la mtandaoni ambalo biashara yake kubwa ilikuwa dawa za kulevya. Ulbricht alikuwa na kifungo cha maisha. Inawezekana adhabu yake ilizidi kipimo. Wapo watu waadilifu wanaosema hivyo, na mimi siwapingi sana. Lakini jana yake, tarehe 20, kalamu ileile ilikuwa imetia saini amri ya kuyaita magenge ya walanguzi makundi ya kigaidi. Mwezi uliofuata yakaorodheshwa manane, yakiwemo Tren de Aragua la Venezuela na genge la Sinaloa la Meksiko.

Neno hilo, ugaidi, ndilo lililobeba mzigo wote uliofuata. Kwa sheria ya Marekani, kuliita kundi la kigaidi kunaruhusu kuzuia fedha zake na kuwashtaki wanaolisaidia. Hakuruhusu kuua. Ndipo Oktoba serikali ikaliandikia Bunge la Kongresi kwamba nchi imo katika vita na magenge hayo, na kwamba watu waliomo mashuani ni wapiganaji. Kwa tafsiri hiyo mtu aliyebeba magunia ya kokeini anahesabiwa sawa na askari aliyebeba bunduki mstari wa mbele. Hadi mwaka 2025 ukiisha, mashambulizi yalikuwa yamepita 30, Karibi na Pasifiki ya mashariki, na waliouawa wamepita 100. Serikali haikutoa majina yao, wala ushahidi wa kilichokuwemo kwenye kila mashua.

Trump alisema kila mashua inayolipuliwa inaokoa maisha ya Wamarekani 25,000. Mwaka 2024 Wamarekani waliokufa kwa kuzidisha dawa walikuwa kama 80,000. Kwa hesabu yake, mashua nne zingetosha kumaliza vifo vya mwaka mzima na ziada ikabaki. Na sehemu kubwa ya vifo hivyo vinatokana na fentanili, ambayo hutengenezwa Meksiko kwa kemikali zinazotoka China na kuvushwa mpakani kwa magari. Haipiti kwa mashua za Venezuela. Njia zile za Karibi ni za kokeini, na nyingi huelekea visiwani na Ulaya.

Sasa turudi kwenye mnyororo. Walinzi wa Pwani wa Marekani wamekuwa wakikamata mashua hizi kwa miongo mingi, na wana ufundi wake. Tangu mwaka 1999 wana kikosi cha helikopta chenye walenga shabaha ambao hupiga injini ya mashua, chombo kikasimama, kisha boti ndogo zikaenda kuwachukua waliomo. Mzigo unapimwa, simu zinachukuliwa, watu wanahojiwa. Mwaka wa fedha wa 2025, mwaka uleule wa makombora, walinzi hao walitangaza wamekamata zaidi ya tani 200 za kokeini, kiwango ambacho hawakuwahi kufikia. Na kwa uzoefu wao wenyewe si kila chombo wanachosimamisha hukutwa na kitu. Hilo peke yake lingetosha kumzuia mtu asibonyeze kitufe.

Nahodha wa mashua ni dagaa, ndiyo. Lakini dagaa anajua nani alimlipa, bandari ipi, namba ipi ya simu. Kutoka kwake unapanda kwa mwenye bohari, kutoka kwa mwenye bohari kwa meya, kutoka kwa meya kwa ndugu wa rais. Ndivyo walivyofika kwa Hernández. Mashua iliyolipuliwa haina shahidi. Ina moshi na video ya sekunde chache ya kurushwa mitandaoni. Papa aliyetuma mashua hiyo analala usingizi mzuri zaidi kuliko kama watu wake wangekamatwa, kwa sababu waliokufa hawamtaji mtu.

Sisi tunalijua hili kwa kesi ya kwetu. Ndugu wa Akasha wa Mombasa, Baktash na Ibrahim, walikamatwa Novemba 2014. Kwa zaidi ya miaka miwili kesi ya kuwapeleka Marekani ilizungushwa kortini Mombasa, na baadaye walipokiri makosa yao New York, Oktoba 2018, ilidhihirika kwamba walikuwa wakiwahonga maafisa wa Kenya ili isimalizike. Baktash akapewa miaka 25, Ibrahim 23. Walinaswa kwa subira: majasusi waliojifanya wanunuzi kutoka Kolombia, mazungumzo yaliyorekodiwa, na mwenzao wa karibu aliyegeuka shahidi. Mahakama iliyowahukumu ni ileile iliyomhukumu Hernández, ile ya Kusini mwa New York. Mtu wa Mombasa aliyewaona mateja wakioza vichochoroni alishusha pumzi siku ile, maana kwa mara ya kwanza jina kubwa la pwani lilitamkwa na jaji ambaye hakuwa na bei.

Hata Kenya ililipua chombo. Agosti 2014 meli Amin Darya, iliyokamatwa na mamia ya kilo za heroini, ililipuliwa baharini Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia. Wanasheria walibishana juu ya kuharibu ushahidi, na nadhani walikuwa na haki kubishana. Lakini mabaharia hawakuwa ndani. Walikuwa wameshushwa, wanahesabiwa, wana wakili, kesi yao iko Mombasa. Tofauti hiyo ndiyo ninayoililia.

Oktoba 16 ilitokea jambo lililofichua mengi kuliko hotuba zote. Jeshi lilipiga chombo kinachokwenda nusu kikiwa kimezama, na safari hii watu wawili wakaokolewa, mmoja wa Ekuador na mwingine wa Kolombia. Mkononi mwa Marekani sasa walikuwemo watu wawili hai ambao saa chache kabla walitajwa kuwa magaidi wa kuangamizwa. Wangepelekwa New York. Wangeshtakiwa. Wangehojiwa nani aliwatuma. Badala yake walirudishwa makwao, na yule wa Ekuador akaachiwa kwa sababu waendesha mashtaka wa nchi yake hawakuwa na ushahidi wa kosa alilotenda huko. Kombora likimkuta ni gaidi wa kuuawa. Likimkosa hastahili hata hati ya mashtaka. Mtu anayeamini kwa dhati kwamba ana ushahidi hafanyi hivyo, kwa sababu mahakamani angetakiwa auonyeshe.

Kuhusu wale wawili wa Septemba 2, sheria haina utata. Mwongozo wa sheria za vita wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani yenyewe, ukitaka kutoa mfano wa amri ambayo askari yeyote anapaswa kuijua kuwa ni haramu, unataja amri ya kuwapiga risasi walionusurika chombo kikizama. Mwaka 1921 mahakama ya Leipzig iliwatia hatiani maafisa wawili wa nyambizi ya Kijerumani kwa kuzifyatulia mizinga boti za kujiokolea za walionusurika baada ya kuzamisha meli ya hospitali Llandovery Castle. Hao walikuwa katika vita vya kweli, dunia nzima ikiungua, na bado ikaonekana ni jinai. Hapa hata vita vyenyewe ni vya kuandikwa kwenye barua.

Na hapa ndipo mamlaka mawili yanapokutana, jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha kwa Kiswahili. Katiba ya Marekani inampa rais uwezo wa kusamehe makosa yote dhidi ya Marekani, isipokuwa katika mashtaka ya Bunge ya kumwondoa kiongozi madarakani. Hapitii kamati. Ofisi ya msamaha iko Wizara ya Sheria, na ina taratibu zake za maombi na miaka ya kungoja, lakini hazimfungi rais. Anaweza kusamehe kabla ya kesi kusikilizwa, kama Gerald Ford alivyomsamehe Richard Nixon Septemba 1974. Uwezo huo unafika hadi mahakama za kijeshi. Novemba 2019 Trump alimsamehe Clint Lorance, luteni aliyefungwa kwa kuamuru Waafghani wapigwe risasi, na Mathew Golsteyn, ambaye kesi yake ya mauaji ilikuwa hata haijasikilizwa. Julai 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba rais mwenyewe hawezi kushtakiwa kwa kutumia mamlaka yake ya msingi, na kusamehe kukatajwa miongoni mwa mamlaka hayo.

Unganisha sasa. Rais anaagiza, na yeye hashtakiki. Admeri anatekeleza, na anajua kalamu ipo mezani. Sheria inayowataka wanajeshi wakatae amri haramu inategemea hofu kwamba siku moja utajibu. Msamaha ukiwa karibu kiasi hicho, hofu hiyo inayeyuka. Kwa hiyo msamaha wa Hernández, hata kama hauna uhusiano wa karatasi na mashua yoyote, ulikuwa ujumbe uliosomeka vizuri katika meli za kivita: uamuzi wa mahakama si neno la mwisho. Baraza la Seneti lilijaribu mara mbili kumtaka rais apate idhini ya Bunge, Oktoba kwa mashambulizi ya mashua na Novemba kwa vita dhidi ya Venezuela. Kura zikakosekana kwa tofauti ndogo, 48 kwa 51, kisha 49 kwa 51.

Sisi nasi tuna misamaha. Tanzania, Ibara ya 45 inampa Rais uwezo mpana, na kila sikukuu ya Uhuru au Muungano tunasikia majina, ingawa mara nyingi tangazo huwatenga wazi waliofungwa kwa biashara ya dawa za kulevya. Kenya, baada ya katiba ya 2010, imekwenda mbali zaidi. Ibara ya 133 inataka kuwe na ombi, kuwe na kamati ya kumshauri Rais, na inairuhusu kamati hiyo kuzingatia maoni ya walioathiriwa na kosa. Kipengele hicho cha mwisho ni kifupi sana katika maandishi. Kingekuwa Washington, familia za waliouawa na magenge ya Honduras zingekuwa na mlango wa kugonga kabla ya Desemba 1.

Kisha ikaja tarehe 3 Januari 2026. Majeshi ya Marekani yaliingia Caracas, yakamchukua Nicolás Maduro na mkewe, na siku mbili baadaye akasomewa mashtaka ya dawa za kulevya na kukana. Wapi? Mahakama ileile ya Kusini mwa New York. Akawekwa rumande Brooklyn, jela ileile aliyokaa Hernández akisubiri kesi. Mimi si mtetezi wa Maduro. Wavenezuela milioni kadhaa waliokimbia nchi yao wanatosha kumsema. Ila kumvamia rais wa nchi nyingine usiku kwa madai kwamba mahakama hii ndiyo ya kumhukumu, mwezi mmoja baada ya kuitupa hukumu ya mahakama hiyohiyo dhidi ya rais mwingine, ni kuifanya mahakama nguo ya kuvaa na kuvua. Waliomuuliza Trump juu ya Hernández siku ile walipata jibu lile la awali, kwamba alionewa.

Maduro atakuwa na wakili. Mashtaka yake yameandikwa, ataona mashahidi, akishindwa atakata rufaa, na kwa mfano aliouona anaweza hata kuota msamaha. Huko Las Cuevas, kijiji cha wavuvi Trinidad, zipo familia zilizosema wanaume wao walikuwa wakirudi nyumbani kutoka Venezuela walipolipuliwa Oktoba. Huko Santa Marta, Kolombia, ipo familia inayosema wa kwao alikuwa mvuvi, na imepeleka malalamiko kwenye tume ya haki za binadamu ya nchi za bara la Amerika. Hao hawajaletewa maiti wala hati. Desemba wabunge wachache wa Marekani walionyeshwa faraghani video ya Septemba 2, ile yenye watu wawili majini. Waziri wa Ulinzi, Pete Hegseth, akasema umma hautaonyeshwa yote.